Deni la Zamani Linapobisha Hodi



Katika mikutano yetu ya polisi na jamii hapa Busia, liko swali ambalo huulizwa kwa sauti ya chini, mara nyingi mkutano ukiisha, muulizaji akimvuta askari kando. Si la wizi wala la magendo. Ni la deni. Na si deni la mwezi jana, bali la miaka kumi, kumi na mitano, au zaidi, ambalo mwenyewe alidhani limekwisha, au hakukubali kamwe kwamba lilikuwa deni. Leo limerudi mikononi mwa watu asiowajua.

Tumeona vema kulijibu hadharani, kwa sababu anayeuliza kwa kunong'ona huwa na aibu, na wakusanya madeni wengi huishi kwa aibu hiyo.

Kwetu sisi wakazi wa mpakani kukopeshana ni sehemu ya biashara kama ulivyo mzani na gunia. Mukene, ambao jirani zetu wa Kenya huita omena, huvuka kwa mkopo na malipo yakarudi siku ya soko. Sukari, sabuni na mabati huja kwa mkopo pia. Kabla ya simu kubeba fedha, pesa zilibebwa na waendesha baiskeli waliovusha watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, wale ambao kazi yao ndiyo iliyozaa jina la boda boda. Fedha ziliingia mfukoni mwa kijana zikatoka, na ushahidi wake ukabaki katika vichwa vya watu watatu. Mmoja akifa, theluthi ya ushahidi huzikwa naye.

Tuchukue mfano. Tumeutunga wenyewe ili asitambulike mtu yeyote, lakini kila kipande chake ni cha aina ya mambo yanayoletwa mezani petu.

Mwezi wa Desemba 2007 mama mmoja wa upande wa Uganda alipokea shilingi 84,000 za Kenya kutoka kwa mfanyabiashara wa Kisumu, zikiwa malipo ya mapema ya magunia 28 ya maharagwe. Hawakuandikiana mkataba. Mama aliandika katika daftari lake, mnunuzi akaandika katika lake, wakapeana mkono. Lori lilipakiwa juma la mwisho la mwaka. Wasomaji wenye umri wa kukumbuka wanajua kilichofuata: uchaguzi wa Kenya wa tarehe 27 Desemba ulifuatwa na ghasia, barabara zikafungwa, reli ikang'olewa, na hata huku Uganda petroli ikaadimika. Maharagwe hayakufika Kisumu. Yaliporwa njiani.

Hasara hiyo ilikuwa ya nani? Mnunuzi alisema ni ya muuzaji, kwa kuwa mzigo haukumfikia. Mama alisema ni ya wote wawili, kwa kuwa lori lilikodiwa na mnunuzi mwenyewe. Julai 2008, kwa kulinda urafiki, mama alimpelekea mzee shilingi 40,000. Yeye aliamini kwamba kwa fedha hizo mambo yamekwisha. Mzee aliamini kwamba amelipwa sehemu, na kwamba 44,000 zimebaki. Hawakukaa tena kulizungumza. Miaka ikapita, mzee akafariki.

Sasa wamekuja wanaume wawili kwa pikipiki, mmoja ameshika bahasha. Wanasema wametumwa na watoto wa marehemu. Wanadai shilingi 310,000 za Kenya, ndani yake mkiwa na riba na kile wanachokiita gharama za ufuatiliaji. Wanasema asipolipa kufikia Ijumaa watarudi na polisi, naye atavushwa mpaka akalale mahabusu upande wa pili. Kisha mmoja wao analainisha sauti: "Lakini, mama, ukitupa hata elfu tano leo, na ukitia sahihi hapa kuonyesha nia njema, sisi tutakuombea muda."

Katika yote waliyoyasema, jambo la kuogopwa zaidi si mahabusu. Ni ile sahihi, na zile elfu tano.

Umri wa deni mbele ya sheria

Sheria za nchi zetu haziruhusu mtu kukaa na dai lake maisha yote kisha akaamka siku moja kwenda mahakamani. Uganda, Kenya na Tanzania kila moja ina sheria ya ukomo wa muda wa madai, na katika zote tatu muda wa kufungua shauri linalotokana na makubaliano ya kawaida, kama mkopo au biashara ya mkono kwa mkono, ni miaka 6. Muda huo ukipita, mlango wa mahakama hufungwa kwa dai hilo. Kwa watu wa mpakani ni nafuu kwamba hesabu hizi zinafanana, kwani katika biashara iliyoanzia upande mmoja na kuishia upande mwingine, watu wangeweza kubishana mwaka mzima kuhusu sheria ya nchi ipi itumike.

Miaka hiyo huanza kuhesabiwa siku deni lilipopasa kulipwa. Haianzi siku mkusanyaji alipobisha hodi, wala siku watoto wa marehemu walipolifungua daftari la baba yao. Barua za kudai, hata zikiandikwa kila mwezi, hazisogezi hesabu hiyo mbele. Mdai akikaa miaka 9 akituma barua tu bila kwenda mahakamani, barua hizo hazimrudishii muda wake.

Kuna mambo mawili yanayoweza kuirudisha hesabu mwanzo, na yote mawili yamo mikononi mwa mdaiwa. La kwanza ni kulikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yake. La pili ni kulipa sehemu ya deni. Mdaiwa akifanya lolote kati ya hayo, miaka 6 huhesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Ndiyo maana katika mfano wetu hatuhesabu kutoka Januari 2008 maharagwe yalipopotea, bali kutoka Julai 2008 mama alipopeleka zile 40,000, ikiwa mahakama itazichukua kuwa malipo ya sehemu. Hata kwa hesabu hiyo inayompendelea mdai, mlango ulifungwa Julai 2014.

Sasa mtaelewa kwa nini wale wanaume wanataka elfu tano. Elfu tano haziwatoshi hata mafuta ya pikipiki ya kurudi Kisumu mara nyingi. Lakini karatasi isemayo "Mimi fulani nakiri kudaiwa shilingi 310,000 na leo nimelipa 5,000" humpa mdai hoja ya kusimama mahakamani na kusema kwamba saa imeanza kuhesabu upya leo. Tena kiasi kilichoandikwa humo si kile kilichobishaniwa mwaka 2008, bali ni kile walichokitaka wao. Mtu mmoja anayeogopa, katika dakika tano, amelifanya dai bovu kuwa dai zima. Ujumbe wa simu nao ni maandishi. Usimwandikie mtu "nivumilie nitalipa" kwa ajili tu ya kumtuliza.

Yapo madai yenye hesabu tofauti, na tusingependa mtu asome makala haya nusu nusu akajidhuru. Kama mahakama ilikwisha kutoa hukumu juu ya deni hilo, hukumu hiyo inaweza kutekelezwa kwa miaka 12. Mkopo uliowekewa ardhi rehani nao una muda mrefu zaidi ya miaka 6. Sheria humwongezea muda mdai aliyekuwa mtoto au mgonjwa wa akili dai lilipozaliwa, na vilevile pale mdaiwa alipoficha ukweli kwa ulaghai. Basi swali la kwanza la kuuliza kuhusu deni la zamani ni hili: je, liliwahi kufikishwa mahakamani?

Ukomo wa muda pia hauna miguu ya kwenda mahakamani peke yake. Mtu aliyepokea samansi ya deni la zamani, akaitia chini ya godoro kwa kujiambia kwamba miaka imepita, anaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa. Samansi ya mahakama hujibiwa. Katika mashauri ya kawaida hapa Uganda mdaiwa hupewa siku 15 kupeleka utetezi wake, na ziko taratibu za mkato zenye siku chache kuliko hizo. Soma siku zilizoandikwa katika karatasi yako, kisha umwone wakili au ofisi ya msaada wa sheria upesi, ukaeleze kwamba dai limepitwa na wakati.

Anayebisha ni nani?

Watu wengi huwaweka wakusanya madeni wote katika kapu moja, na hilo huwafaidi wale wasio na mamlaka yoyote. Mkusanyaji wa kawaida, awe na kofia, bahasha, au kadi yenye nembo ya kampuni iliyoning'inia shingoni, ni mjumbe tu. Anaweza kukuomba ulipe na kukukumbusha kwa adabu. Hawezi kuingia nyumbani kwako bila ruhusa, hawezi kuchukua mbuzi wala runinga, hawezi kukuzuia kuondoka, hawezi kukukamata.

Dalali wa mahakama ni mtu mwingine. Yeye hufanya kazi kwa hati iliyotolewa na mahakama baada ya shauri kusikilizwa au hukumu kutolewa. Hati hiyo ina namba ya shauri, majina ya wahusika, muhuri wa mahakama na sahihi ya ofisa wake. Una haki ya kuiona na kuisoma, na ukiwa na shaka, namba ya shauri huulizwa katika masijala ya mahakama iliyotajwa. Dalali wa kweli haogopi kusomwa. Mwenyekiti wa LC1 naye aitwe ashuhudie.

Mjumbe, hata awe mstaarabu namna gani, lazima aonyeshe nani kamtuma. Katika mfano wetu aliyekopesha amefariki. Mtoto wa marehemu hawi mdai kwa sababu tu ni mtoto. Mali za marehemu, pamoja na madeni aliyokuwa akiwadai watu, husimamiwa na yule aliyepewa na mahakama hati ya usimamizi wa mirathi, au msimamizi aliyetajwa katika wosia na kuthibitishwa na mahakama. Mama ana haki ya kuomba kuiona hati hiyo, pamoja na barua ya msimamizi inayowapa wale wanaume idhini ya kudai na kupokea fedha. Bila hivyo anaweza kulipa leo kwa kaka, na kesho akaja dada na daftari lile lile.

Kanuni hii inafanya kazi na upande wa pili. Mume akifa na deni, deni hilo ni la mirathi yake. Mjane hageuki kuwa mdaiwa kwa sababu ya kuishi nyumba moja na marehemu, isipokuwa kama alikuwa mdhamini au alitia sahihi pamoja naye. Tunalitaja hili kwa sababu wajane ndio wanaovamiwa zaidi, na wakati mwingine matanga hayajaanuliwa.

Kuhusu riba, nayo haioti yenyewe kama majani. Hutoka katika makubaliano ya pande mbili, au katika amri ya mahakama. Pale ambapo watu wawili walipeana mkono bila kutaja riba, kijana mwenye kikokotoo hawezi kuizua miaka kumi na mitano baadaye. Hizo gharama za ufuatiliaji tunaziachia wasomaji wenyewe wazipime.

Polisi si wakusanya madeni

Tuseme jambo hili bila kuzungukazunguka, kwa maana linatuhusu sisi wenyewe. Wapo askari waliokubali kusindikizana na wakusanya madeni, na zipo nyakati ambapo mtu ameitwa kituoni "kwa mazungumzo" akajikuta amekalishwa mpaka ndugu wachange. Hiyo si kazi ya polisi. Kushindwa kulipa deni ni jambo la madai, na madai husikilizwa na mahakama. Katiba ya Uganda inaagiza kwamba aliyekamatwa kwa kutuhumiwa kosa la jinai afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Haimpi askari ruhusa ya kumshikilia mtu hata saa moja ili deni la mtu mwingine lilipwe.

Wadai wengine wanajua hivyo, kwa hiyo huja kituoni na maneno ya jinai: hawasemi "ananidai" au "namdai", husema "alinitapeli" au "alipokea fedha kwa udanganyifu". Kosa hilo lipo katika sheria, na watu hufungwa kwalo. Lakini utapeli ni uongo uliokuwapo tangu mwanzo, siku fedha zilipopokewa. Aliyepokea fedha za maharagwe, akanunua maharagwe, akayapakia, na yakaporwa, hakutapeli mtu. Askari anayepokea malalamiko ya namna hii ana wajibu wa kuuliza hayo kabla ya kufungua jalada. Hundi isiyo na fedha ni habari nyingine, kwani kutoa hundi huku ukijua akaunti ni tupu ni kosa la jinai.

Askari akija kwako pamoja na mkusanyaji, mwombe kwa heshima jina lake, namba yake na kituo chake, na uulize unatuhumiwa kosa gani. Huko si kumkaidi. Kama jibu ni deni, mpigie au mwendee mkuu wa kituo hicho au mkuu wa polisi wa wilaya, ambaye wengi humwita DPC, na ueleze. Kipo pia kitengo chetu kinachoshughulikia malalamiko dhidi ya askari. Ukiwa umeshikiliwa, kumbuka kwamba dhamana ya polisi haitozwi hata shilingi moja, na kwamba fedha za deni hazipokewi kaunta ya kituo.

Je, mtu hawezi kabisa kufungwa kwa sababu ya deni? Tungependa kusema hivyo, lakini tutakuwa tumedanganya. Sheria ya Uganda na ya Kenya inaruhusu mahakama kumpeleka gerezani mdaiwa aliyekwisha kuhukumiwa kulipa, kwa muda usiozidi miezi 6. Hata hivyo ni mahakama inayotoa amri hiyo, baada ya hukumu, na baada ya mdaiwa kuitwa aeleze kwa nini asipelekwe. Mdai naye hulipia posho ya chakula cha huyo mfungwa. Hakuna mkusanyaji, askari wala mwenyekiti wa kijiji awezaye kukufunga kwa deni.

Kuna vitendo vinavyolitoa jambo la deni mikononi mwa madai na kulitia mikononi mwetu. Mtu akichukua mali yako kwa nguvu bila hati ya mahakama, akikutishia kukudhuru, akikufungia ndani, au akikupakia garini kukuvusha mpaka, hapo amekuwa mtuhumiwa wa jinai hata kama deni analolidai ni halali kabisa. Piga 999 au 112. Kubandika picha yako katika makundi ya simu na kukuita mwizi, au kuwapigia ndugu zako na mwajiri wako kuwatangazia deni, nako si haki. Uganda na Kenya zote zilitunga mwaka 2019 sheria za kulinda taarifa binafsi za watu, na anayezichezea anaweza kushtakiwa. Hifadhi ujumbe huo na namba ya aliyeutuma. Usiufute kwa hasira.

Kitambulisho cha taifa nacho ni mali ya Serikali, hakiwekwi rehani. Aliyekichukua kwa sababu ya deni na akirudishe.

Mpaka una maana gani hapa?

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi hapa Busia mwaka 2018, kuvuka kumekuwa kwepesi, na wengine wamedhani kwamba mamlaka nayo yanavuka hivyo hivyo. Hapana. Dalali wa mahakama ya Kenya hana mamlaka Uganda, wala wa Uganda hana mamlaka Kenya. Hukumu iliyotolewa upande mmoja inaweza kutekelezwa upande wa pili, lakini ni baada ya kupelekwa katika mahakama za huko kwa utaratibu wa kisheria, na mdaiwa kupewa nafasi ya kupinga. Polisi wa upande mmoja hawakamati mtu katika ardhi ya upande wa pili. Kupeleka watuhumiwa nje ya nchi kuna taratibu zake mahakamani, nazo ni kwa makosa ya jinai, si kwa magunia 28 ya maharagwe ya mwaka 2007.

Kwa hiyo mtu akikualika "tuvuke kidogo tukazungumze na mzee", usivuke. Mazungumzo na yafanyike upande ulipo wewe, mchana, mbele ya mwenyekiti wa LC1 au mtu mwingine unayemwamini. Wadai wa Uganda wanaowafuata watu wa Kenya wangependa kutendewa hivyo hivyo, na wanapaswa kutenda hivyo hivyo.

Kama moyo unakiri

Hatuandiki haya kuwafundisha watu kukwepa wanachodaiwa. Sheria ya ukomo hufunga mlango wa mahakama, haifuti kilichotokea kati ya watu wawili, na wengi wetu tunaamini kwamba deni humfuata mtu hata kaburini. Kama unajua kwamba fedha zile ulizichukua na hukurudisha, nawe unataka kulipa, lipa. Lakini mlipe mwenye haki ya kupokea, kiasi mnachokubaliana na si kile ulichosomewa kwa ukali, na upewe stakabadhi isemayo kwamba malipo hayo ni ya mwisho na hakuna dai lililobaki. Kama huwezi kulipa yote kwa mara moja, tafuta ushauri kwanza kabla ya kulipa kidogo kidogo, kwa sababu zile tulizoeleza juu.

Na wewe unayedai, usingoje. Mashauri ya deni yasiyozidi shilingi 2,000,000 za Uganda yanaweza kusikilizwa na mahakama ya LC, kwa lugha ya nyumbani na bila wakili. Madai yasiyozidi 10,000,000 yana utaratibu wa madai madogo katika mahakama za mahakimu, na Kenya nayo ina mahakama za madai madogo kwa madai yasiyozidi shilingi 1,000,000 za huko. Mdaiwa wako akiwa mtu mwema anayeomba muda, mwombe akuandikie hivyo na kutia sahihi kabla miaka 6 haijaisha. Ni haki yako, na ni salama kuliko kuajiri wanaume wa pikipiki ambao, wakimpiga mtu, jina lako ndilo litakaloandikwa katika jalada letu.

Turudi kwa mama yetu wa maharagwe. Wale wanaume wamesema watarudi Ijumaa. Tungemshauri asilipe kitu, asitie sahihi, asibishane nao mlangoni, na asitoe daftari lake lile la 2007 mikononi mwa mtu. Alipige picha kurasa zake na kulitunza. Kisha awape barua hii fupi, akibaki na nakala yenye tarehe na sahihi ya mwenyekiti wa LC1 kama shahidi wa kuipeleka:

"Nimepokea madai yenu ya mdomo ya tarehe (aiandike). Sikubali kwamba nadaiwa kiasi hicho wala kiasi kingine chochote. Jambo mnalolitaja ni la mwaka 2007 na 2008, na lilibishaniwa tangu wakati huo. Naomba mnipe kwa maandishi: jina na anwani ya anayedai, hati ya usimamizi wa mirathi, barua inayowapa ninyi idhini, maelezo ya namna kiasi hicho kilivyohesabiwa, na kama lipo, namba ya shauri na nakala ya hukumu ya mahakama. Hadi nitakapopata hayo, msije nyumbani kwangu wala mahali pangu pa biashara. Barua hii si kukiri deni."

Sentensi ya mwisho isisahaulike, nayo iandikwe juu ya sahihi, si chini yake. Asiyejua kuandika asaidiwe na mtu wa nyumbani au aje katika ofisi yetu ya uhusiano na jamii, ambako barua ya namna hii huandikwa bure, na aje na daftari lake.